Kitambaa cha Samaki Wawili

Kindu, upande wa Kasuku, baada ya magaribi

Feza mwanangu,

Mimi baba yako mudogo Amisi njo muntu wa kwanza katika Zaire nzima, kutoka Matadi mpaka Kalemie, kuozesha kampuni mbili. Sisemi wasichana. Kampuni, zenye masini, zenye mazutu ya kuziwasha, zenye bango mlangoni. Kabla yangu hakuna aliyejaribu. Wale wakubwa wa Kinshasa, pamoja na masomo yao yote, nasikia walituma muntu kuja kuniuliza ilifanyikaje. Wanasema alifika hakunikuta nyumbani. Ningemufundisha bila kumulipisha kitu.

Kesho asubuhi bake itakuvusha muto mpaka Alunguli, na pale kamio, lori la mizigo, itakupokea, Punia, Lubutu, mpaka Kisangani. Mama yako tangu juzi anafunga na kufungua ule muzigo. Habari ya blanketi, ya dawa ya homa, ya kutokula kwa watu usiowajua kamio ikilala kwenye matope ya Obokote, hayo ni yake, amekwisha kuyasema mpaka mbuzi wa nyumba wanayajua. Mimi nakuandikia juu ya meza ile watakayokukalisha kule. Ningekuambia kwa kinywa, lakini kinywa changu unakijua. Kikiona watu wawili kinaongeza wa tatu. Kalamu inakwenda polepole, inanipa nafasi ya kuona haya.

Wale wa Kampuni ya Malori ya Kisangani wanasema wanataka kuungana na sisi, na kampuni yetu ya kukoboa mupunga. Barua zao zote zinasema hivyo, kuungana, kuungana, kama vile wanaimba. Weye umesoma biashara, unajua kuliko mimi, lakini mimi naijua sura ya muntu mwenye njaa. Wanataka kutumeza. Wakitumeza, masini zetu zitang'olewa pale kwenye saruji, zitapakiwa, na mupunga wa Pangi na Kabambare utapita hapa Kindu kama mugeni asiyekaribishwa, uende kukobolewa kwao. Halafu sisi tutanunua muchele wetu wenyewe, tena kwa bei ya muntu aliyekaa mbali. Wazee walipokuchagua weye, mutoto wa kike, ukakae kule kwenye baraza lao kwa niaba yetu, si kwa sababu ya kumuheshimu marehemu baba yako peke yake. Bila sinyatire yako, sahihi ya mukono wako, hakuna masini inayovuka muto. Njo maana hapa nimekata maneno na kuandika tena. Usifikiri ni uzee. Mimi sijazeeka.

Sasa sikiliza namna tulivyoanza, kwa sababu ile habari uliyoisikia mezani kwangu miaka yote, niliipaka mafuta. Hii ni bila mafuta.

Baba yako Shabani alikuwa na masini yake ya kukoboa mupunga hapa Kasuku, karibu na reli. Muzee Lukuka alikuwa na yake ng'ambo, Alunguli. Mupunga wote unatoka ng'ambo, reli iko huku. Basi Lukuka alikuwa na mupunga bila treni, baba yako alikuwa na treni bila mupunga, na kati yao muto, na kila mumoja anamutukana mwenzake kwa wapiga kasia. Karani mumoja wa tribinali akawaambia: unganeni, fanyeni sosiete moja, kampuni moja. Wakamuuliza, kuungana namna gani? Akaeleza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, halafu akachora. Hawakuelewa. Njo nikasimama mimi.

Nilisema, "Wazee, hii muntu anasema ndoa."

Wote wakasema aaa. Tangu hapo mambo yakaenda, mimi nikawa mushenga. Lakini tulikwama palepale mwanzo: nani bwana, nani bibi?

"Masini yangu haiolewi," Muzee Lukuka alisema. Alikuwa amevaa kofia yake ya ijumaa ingawa ilikuwa jumanne. "Yangu ina nguvu kuliko yake. Tangu lini dume likaolewa?"

"Dume gani linakohoa kila asubuhi mpaka linapigwa teke?" baba yako alimujibu.

"Linakohoa kwa sababu linafanya kazi! Lako linalala kama mufalme, halina mupunga."

"Lukuka, chunga kinywa."

"Chunga chako, Shabani. Mimi nimekuja na miguu yangu kwenye nyumba yako, sikuletwa na kamba."

Karani alikuwa amekwisha kukunja karatasi zake. Nikauliza, "Wazee wangu, muntu akioa, nani anahama?"

"Bibi anahama," wakasema.

"Na masini ipi itavuka muto kuja kwenye reli?"

Muzee Lukuka alikunja kofia, akaikunjua, akaangalia juu kwenye mabati, halafu akasema polepole, "Mahari ni kiasi gani?" Tulicheka mpaka karani akalia machozi.

Tulilipa mahari. Mbuzi, mabati, radio ya baba yako ambayo mama yako hakuisamehe mpaka leo. Tukasoma fatiha. Masini ilivuka juu ya bake imefunikwa shuka jeupe, wanamuke wakipiga vigelegele pande zote mbili za muto, na mimi nimesimama mbele kama kapiteni. Weye ulikuwa mudogo, ulitaka kujua kama masini italia kama bibi harusi. Nikakuambia ndiyo. Ilipowashwa ikatoa mulio na moshi, ukakimbia ukajificha ndani ya nguo ya mama yako.

Sasa kosa langu la kwanza. Pale kwenye fatiha Lukuka aliuliza, "Na mambo yakiharibika?" Ilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali peke yake la akili lililoulizwa siku ile. Na mimi, badala ya kukaa chini na kulijibu, nikatafuta neno la kupendeza watu. Nikasema, "Bibi akirudi kwao, anarudi na vyombo vyake!" Watu wakapiga makofi. Karani akainua kalamu, "Hili niliandike? Vyombo ni vipi?" Nikamuambia, "Sitwayen karani, maneno ya ndoa hayaandikwi, yanaliwa pamoja na pilau." Watu wakapiga makofi tena. Karani akafunga kalamu.

Feza, makofi ni kitu kibaya. Mimi nimeyala maisha yangu yote na sijawahi kushiba.

Mavuno ya kwanza yalikwenda vizuri. Mavuno ya pili, mukaba wa masini ya baba yako ukakatika, treni iliyoleta mukaba mupya ikachelewa, na baba yako akafanya kile fundi yeyote angefanya: akafungua mukaba wa masini ya Lukuka akafunga kwenye yake. Kwake ilikuwa sosiete moja, mali moja. Lukuka akaingia uani, akaona.

"Umemuvua binti yangu nguo," alisema.

"Lukuka, ni mukaba."

"Umemuvua nguo ukamuvika bwana wake. Mbele ya watu."

"Kesho kutwa mupya unafika!"

"Kesho kutwa atakuwa kwao."

Hakupiga kelele, na hilo njo lilitutisha. Siku iliyofuata alikuja na wanaume wenye kamba na mitaimbo, katikati ya mavuno, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Wakang'oa masini. Baba yako alisimama mlangoni, Lukuka akanigeukia mimi: "Mushenga, ulisema nini kwenye fatiha?" Nikasema, nilisema vyombo. "Basi hivi njo vyombo vyake." Akachukua masini, na mizani iliyokuja nayo, na magunia matupu yaliyokuja nayo, na turubai. Turubai, Feza. Alipokuwa anavuka muto, mvua ikaanza.

Ile mvua haikukatika upesi. Masini ya baba yako peke yake haikuweza kazi yote, mupunga ukalowa, na baada ya siku kadhaa Mama Zaina, unamujua, yule wa sokoni mwenye sauti, alikuja kufungua gunia lake. Akatia mukono. Mukono ukatoka na majani mabichi. Mupunga umeota ndani. Nilifikiri atanipiga. Aliangalia yale majani akacheka kicheko kimoja kikavu, akasema, "Amisi, umenilimia shamba ndani ya gunia." Mwaka ule watoto wake hawakurudi shule. Hakuniambia. Niliwaona mimi mwenyewe wanauza karanga njiani saa za darasa.

Kwa hiyo, wakikukaribisha kule, wakikupa kiti cha foronya na chai ya maziwa, wote wanacheka, njo saa ya kuuliza ile ya Lukuka. Tukiachana, nani anaondoka na nini? Watakuona muntu wa mukosi. Wacha wakuone hivyo. Siku ya furaha watu wanajibu swali hili kwa roho nyeupe. Siku ya ugomvi wanalijibu kwa mitaimbo.

Baba yako na Lukuka hawakusalimiana muda murefu. Kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya muji kila jumamosi, mumoja anafyeka huku, mwingine kule. Karani njo aliyewarudisha, kwa neno moja ambalo mpaka leo nasema lilikuwa langu, lakini lilikuwa lake. Alisema wawili wakishindwana, wawafungulie watu mlango. Sosiete iuze hisa kwa muji. Lukuka alifikiri sana, akasema, "Nitarudi. Lakini sirudi kama bibi. Tukiwa wengi ndani ya nyumba, hakuna bwana, hakuna bibi, kuna wenye nyumba." Baba yako akamupa mukono. Njo ikazaliwa Sosiete Pande Mbili.

Na hapa ninajisifu kwa haki: kitambaa kilikuwa akili yangu. Watu wengi wa mupunga hawasomi. Ukiwapa karatasi ya hisa, mvua italamba, panya atakula. Nikasema, kwetu muntu akiingia kwenye harusi anajulikana kwa nini? Kwa sare. Tununue jora moja la kitenge, tulikate, kila anayeleta kitunga cha mupunga apate kipande. Tukachagua kile cha rangi ya udongo chenye samaki wawili weupe wanaoangaliana. Fundi Sefu akakunja pindo kila kipande kwa uzi mwekundu, ili yule atakayenunua kitenge kama hicho sokoni asije kutudanganya. Wanamuke wakafunga kilemba, wanaume wakatupa begani. Mama Zaina alikuja na kitunga chake. Baada ya yote yale, alikuja. "Safari hii nataka kuwa mwenye masini," alisema, "ili ikiharibika nijitukane mwenyewe."

Siku ya kufungua, ua ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mabehewa ya reli. Kamisea wa zone, mukubwa wa serikali, alikuja na abakosti yake, lile koti lisilo na tai. Vijana wa animasyo, wale wa kuimba na kuchezea sifa za chama, walikuwa tayari na ngoma zao, maana siku zile hata kisima hakifunguliwi bila kuchezwa. Baba yako akaniita pembeni, akanishika kola.

"Amisi, nakupa mikro. Useme neno moja tu. Kitambaa hiki hakiuzwi kwa mugeni kabla mwenyewe hajakileta kwetu kwanza, tukinunue sisi. Neno moja. Halafu keti."

"Kaka, unaniona mutoto?"

"Nakuona Amisi. Neno moja."

Weye hilo neno unalijua kwa moyo. Liko katika sheria za sosiete, karani aliliandika, umelisoma mara nyingi kuliko mimi nilivyosoma kitu chochote. Na nimekusikia juzi ukimuambia mama yako, "Nitawaambia, lilitangazwa mbele ya muji mzima, kamisea mwenyewe akiwapo, hawana pa kupita." Ulisema kwa furaha. Mimi nilikuwa nje nakata kuni, panga likaniteleza.

Feza, halikutangazwa.

Nilishika mikro. Nikaona vile vichwa vyote na vile vilemba. Nikaanza kwa kusalimia, halafu nikaona vibaya kusalimia tu, nikawaeleza namna nilivyosukuma kamio peke yangu kwenye matope ya Obokote, na dereva akalia. Wakacheka. Nikawapa ile ya mamba wa Lualaba aliyeniogopa. Wakacheka zaidi. Nikasema moyoni, bado moja, halafu neno la kaka. Nikawapa ile ya kumufundisha muzungu kupika muchele. Na pale katikati, muzungu ameshika mwiko, masini ya umeme ikaisha mazutu. Mikro ikakata. Vijana wa animasyo wakadhani nimemaliza, wakapiga ngoma, kamisea akasimama kucheza, na ukijua wakati ule, kamisea akicheza hakuna anayekaa.

Baba yako alinijia kwenye vumbi lile. "Umesema?"

"Nimesema mengi."

"Na lile?"

"Na lile."

Aliniamini. Alikufa ananiamini. Nilijipa moyo, si limeandikwa? Nani atakuja kununua vilemba vya wanamuke wa soko? Miaka ikapita, hisa ikatoa muchele kila mavuno, hakuna mugeni aliyeuliza. Vitambaa vikachakaa vichwani.

Halafu akaja sitwayen Bolamba, yule wa Kampuni ya Malori, na shati lake la kunyooshwa na tabasamu la muntu anayekujua. Hakwenda ofisini. Alikwenda sokoni. "Mama, kilemba gani hiki kimechoka hivi? Chukua kipya, na sabuni juu yake. Hiki nipe mimi, nitafutia vumbi kwenye kamio." Nani angekataa? Walimucheka: tazama mujinga wa Kisangani ananunua matambara! Mimi pia nilicheka. Mpaka siku moja, napita sokoni, nikaona kitu ambacho sikukiona. Vichwa vyote vipya. Samaki wetu hawako. Nikazunguka mpaka kwenye samaki wa kukauka, mpaka kwenye chumvi. Jioni ile ile barua yao ikafika kwako, kwamba vitambaa zaidi ya nusu viko kwao, na kwamba kuungana hakuna haja ya kuombwa tena.

Weye ulikunja barua, ukasema, "Sheria ipo." Nilikuonea fahari na nilitaka ardhi inifunike.

Kwa hiyo wiki hii umeniona natoka alfajiri narudi giza, ukafikiri napiga domo na watu. Nilikuwa natangaza. Nyumba kwa nyumba, Kasuku, Mikelenge, nikavuka Alunguli. Neno moja tu, halafu nakwenda. Nilifika kwa Mama Zaina, nikasema, "Mama, kitambaa hakiuzwi kwa mugeni kabla hujakileta kwetu kwanza." Nikageuka.

"Amisi! Rudi hapa." Alikuwa anapepeta, akaacha. "Umesema neno fupi. Nani amekufa?"

Nikamueleza. Hakucheka safari hii.

"Hilo neno lilikuwako tangu lini?"

"Tangu siku ya ngoma."

"Siku ya mamba?"

"Siku ya mamba, Mama."

Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta, makapi yakaniingia machoni na sikusogea. Halafu akasema, "Kitenge kipya nitamurudishia, sijakifunga hata mara moja, rangi yake mbaya. Sabuni nimekwisha kuoga nayo. Muambie Feza hivyo hivyo." Na leo mchana, kama uliona wanamuke wamejaa uani kwa Fundi Sefu, si harusi. Wanakusanya vile vitenge vipya. Muzee Lukuka amekaa pale mlangoni na mukongojo wake, haoni vizuri tena, kila anayeingia anamushika kitenge kwa vidole na kusema, "Hiki si chetu. Weka pale." Lile furushi la kijani utakalopewa kesho kwenye bake, ambalo mama yako atalalamika kwamba ni zito, njo hilo. Ni mahari yao tunarudisha.

Sasa ukikaa mezani kwao, usiseme lilitangazwa. Ukisema hivyo Bolamba ataleta muntu wa Kindu mumoja tu aliyekuwako siku ile, na atakushinda kwa kweli, na muntu akishindwa kwa kweli mara moja hawamuamini tena hata akisema jua linawaka. Sema limeandikwa. Sema wenye vitambaa hawakujua, kwa kosa la msemaji wao, na sasa wamejua, na bei yenu hii hapa mezani, imekamilika, isipokuwa sabuni. Wakiuliza msemaji ni nani, nitaje. Mimi nimezoea kutajwa. Na kama baada ya hapo bado wanataka kuungana, vema, waje kama watu wanaokuja kuposa, waseme nani anahama na nani anabaki, na masini zetu zibaki kwenye saruji yake. Kuungana si kubaya. Mimi mwenyewe niliunganisha pande mbili za muto. Kubaya ni kuunganishwa umelala.

Nilitaka kumalizia hapa. Ingekuwa pazuri, na ungeondoka unaniona muntu aliyekosa halafu akatengeneza. Lakini kuna kitu Bolamba atakitoa, na nimemuona namna anavyokusanya vitu, hatakitoa mwanzo, atakitoa pale utakapokuwa karibu kushinda. Atasema, "Kama hamkujua, na huyu je, alijua au hakujua?" Ataweka kitambaa mezani. Samaki wawili, uzi mwekundu, na kwenye pembe moja doa la mawese lenye sura kama sikio. Kile ni changu.

Unavijua viatu vyangu vyeusi vya ngozi. Muji mzima unavijua. Nimesema kwenye harusi, kwenye matanga, mbele ya mwalimu wako, kwamba mukubwa mumoja wa Kisangani alinipa kwa heshima ya kazi niliyowafanyia watu. Mukubwa yule ni Bolamba. Alikuja kwangu kwanza kabla ya soko. Aliangalia miguu yangu, akasema, "Muntu kama weye, mushenga wa kampuni mbili, unatembea na kandambili?" Nilijua lile neno la kaka. Katika Kindu nzima tulilijua watu wachache, na mimi nilikuwa mumoja. Nilimupa. Mimi njo wa kwanza kuuza, kabla ya Mama Zaina, kabla ya wote. Hiki ninachotupa begani siku hizi nilikinunua sokoni, pindo lake lina uzi mweupe. Fundi Sefu amekiona. Aliangalia pembeni.

Basi sasa umejua kabla yake, akikitoa usishituke, usimuache aone uso wako unabadilika. Viatu nimevitia ndani ya lile furushi la kijani, chini kabisa, nimevifunga kwa kitenge cha Mama Zaina. Muwekee mezani, uchukue kitambaa changu, usinirudishie mimi, mupe mama yako akiweke.

Na kama atauliza kwa nini ngozi bado mupya hivi baada ya muda wote huu, muambie kweli. Havikunitosha tangu siku ya kwanza. Nilikuwa navibeba mukononi njia nzima, nikikaribia watu njo navivaa, na vilinibana mpaka machozi, na watu wakadhani nalia kwa hotuba.

Kesho nitakuja kukusindikiza kwenye bake. Ukiniona peku, usiulize mbele ya mama yako.

Baba yako mudogo,
Amisi